Boriti ya Saba

Fundi Lali hapimi kwa futi.
Anagonga kwa mpini wa nyundo, anatega sikio,
kama tabibu kwenye mgongo wa mgonjwa:
boriti ya kwanza nzima, ya pili nzima,
ya tatu, "hii tutaizungumza,"
ya saba ikaitika kama boga bovu,
unga wa mchwa ukamwagikia kofia yake.
Hakusema kitu. Aliivua, akaikung'uta,
akaitazama dari, kisha akanitazama mimi.
Nikajua hapo pameshahesabiwa pesa.

Shekuwe ndugu yangu,
wewe uko Mombasa, wanitumia sauti za dakika nne:
"Kwani kuna nini? Pigeni bati, pakeni rangi,
mtieni mpangaji kabla ya Ramadhani."
Bati! Juu ya kuta za matumbawe, Mkomani,
nyumba aliyopewa nyanya siku ya kuolewa,
zidaka alizopangia sahani zake
leo zimejaa viota vya nyigu.

Sikiliza, basi.
Boriti kumi na nne, na mikoko haikatwi bila kibali.
Kibali kiko mezani, meza ina mwenyewe,
mwenyewe yuko semina.
Chokaa, magunia thelathini.
Mchanga waja kwa punda, na kichochoro chetu
hakipitishi punda wawili, basi wa pili
hungoja nje, akatafuna karatasi ya mfuko wa saruji.
Bomba la choo limepita ndani ya ukuta wa jirani,
na Bi Rukia, miaka yote hii kimya,
amekumbuka juzi kwamba ukuta ule ni wa babu yake.
Wahenga walinionya kuhusu ufa na ukuta.
Hawakunitajia bei ya ukuta.

Usiku nalala msanani, na kulala ni neno tu.
Nasikia lipu ikidondoka, chembe, tena chembe,
kama mtu anayekula bisi gizani
na hataki kunikaribisha.

Miaka kumi na tisa tuliila kodi ya nyumba hii.
Kila tarehe tano, nusu yako, nusu yangu.
Kodi ilikusomeshea wana, ikaninunulia friji.
Nyumba yenyewe hatukuilisha
hata kijiko cha chokaa.

Jana nakwangua rangi chumba cha ndani,
pale lilipokuwa kabati la Mwanamisi,
nikakuta maandishi ya penseli, madogo, yamenyooka:

Aprili 12. Imevuja. Nimemwambia.
Mei 3. Imevuja kitandani. Nimemwambia.
Mei 20. Mtoto anakohoa. Amesema kesho.

Yameteremka hivyo hadi karibu na sakafu,
mvua tatu za masika, kesho juu ya kesho.
Mstari wa mwisho una tarehe peke yake.

Huyo wa kesho ni mimi, Shekuwe.
Ile simu ya Mei naikumbuka. Nilikuwa harusini,
nimeziba sikio moja kwa kidole,
na hilo jingine, sijui nililiziba kwa nini.

Lali akauliza, "Hapa nipige lipu?"
Nikamwambia ngoja.
Akasema ngoja nayo ina gharama, ni siku ya kibarua.
Nikamwambia iandike.

Leo hakuja, ana maziko Matondoni.
Mvua haikuuliza fundi yuko wapi.
Niliposikia tone la kwanza chumbani
nikachukua beseni, nikakimbia,
na chini ya boriti ya saba
nikaona duara jeupe limechimbika sakafuni,
duara la beseni la mwanamke mwingine,
limekaa hapo miaka.
Nikaliweka langu juu yake.
Likaingia sawasawa, kama kifuniko na chungu chake.

Tuma pesa, Shekuwe.
Usitume sauti.